Siku Nilipompa Kobe Kazi ya Kugawa Kahawa

Aibu yenyewe ni hii, naiweka hapa juu ili msisome mkikimbia kuitafuta: nilianguka katikati ya sebule ya kwetu nikiwa nimefunikwa pazia kuanzia kichwani mpaka magotini, mbele ya watu waliokuja kumposa dada yangu, huku bibi wa bwana harusi akivuliwa kitenge na gari la kuchezea. Haya, mmeshajua. Sasa vuteni pumzi tuanze mwanzo, na nimeamua kuandika kwa sababu kusimulia kwa mdomo siwezi, wenzangu wa bwenini mnanijua, mimi nikiitwa ubaoni hata jina langu Edina nalitamka kama nimeliazima.

Lazima nianze na dada yangu Advera, maana bila yeye hakuna mkasa. Advera amesomea umakanika chuo cha ufundi, anafanya kazi gereji moja pale Kayanga, na mwisho wa wiki anakuja nyumbani Igurwa akinuka dizeli na sabuni ya mche kwa pamoja. Siku moja alikwenda Murongo mpakani kutafuta spea, akarudi na gari la kuchezea lililotoka kwenye gunia la mitumba, tairi zimeng'ang'ania, betri imevimba, na muuzaji alikuwa ameshamwambia kuwa hilo limekufa, akamwongezea na doli lisilo na kichwa ili asije akalirudisha. Ni gari la rimoti, refu kama mkono kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, tairi kubwa za mpira laini, lakini msifikirie yale yanayokimbia. Hili limetengenezwa lipande mawe. Linakwenda polepole kuliko kuku anayetafuta pa kutagia, ila likikutana na jiwe halizunguki, linalipanda. Advera alilifufua kwa betri za kompyuta mbovu, akalipa jina Kobe.

Nyuma ya jiko letu kuna rundo la mawe yaliyobaki Baba alipochimba msingi, na pembeni kuna kichuguu kinachoegemea migomba. Huko ndiko nilikomjua dada yangu vizuri. Siku ya kwanza Kobe alipanda jiwe dogo akapinduka chali kama mlevi, nikacheka. Advera hakucheka. Alikata jani la mgomba akalitandika, akalala kifudifudi, shavu chini, akaniambia nimrudishe Kobe pale pale apande tena, apinduke tena, na tena, mpaka mimi nikachoka kwa niaba ya gari.

"Unatazama nini?" nilimuuliza.

"Wewe unatazama gari," alisema. "Tazama tairi ambalo haligusi chini. Hilo ndilo linalosema ukweli."

Basi tukaanza kutazama matairi. Springi alizokuja nazo Kobe zilikuwa zimevunjika, Advera akaweka za kalamu, zikawa laini mno, Kobe akakaa kitako kama mgeni aliyezama kwenye sofa. Akajaribu za chupa za kupulizia dawa, zikawa nzuri. Ndani ya shokapu akatia mafuta ya kupikia, Kobe akawa anadundadunda kila akishuka, akayamwaga akatia glisirini, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo nakistaajabia: tairi la mbele lilishuka shimoni taratibu, kwa adabu, la nyuma likabaki juu ya jiwe, na bodi katikati ikatulia sawa kabisa. Nilikaa kimya. (Mama naye alikaa kimya siku chache baadaye alipotafuta glisirini yake ya kujipaka akakuta kichupa kitupu, ila ukimya wake ulikuwa wa aina nyingine.)

Lakini kubwa kuliko yote ni vile vyuma vinavyoshikilia ekseli, ile mihimili inayobeba tairi. Vya asili vilikuwa vya plastiki, vimekatika, Advera akatengeneza vingine kwa spoki za baiskeli. Spoki ina nyuzi na nati yake ndogo, ukiizungusha huku inarefuka, huku inafupika, kwa hiyo aliweza kuisogeza ekseli ya nyuma mbali na ya mbele au karibu nayo jinsi anavyotaka, akiwa na koleo na rula yangu ya shule. Alinieleza vizuri sana. Ekseli zikikaribiana, Kobe anageuka kama mbuzi kwenye njia nyembamba, ila kwenye mwinuko mkali anainua mdomo na kupinduka kinyumenyume. Zikiachana, anapanda mwinuko kama amekatiwa ngazi, ila kugeuka anahitaji uwanja mzima kama lori lililobeba ndizi, na tumbo lake linanasa juu ya mawe. Nikamuuliza sasa kipimo kizuri ni kipi. Akasema hakuna kipimo kizuri, kuna njia unayotaka kupita. Akaendelea kuzungusha nati, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, akaongeza vipande vya risasi karibu na tairi za mbele ili uzito ukae chini, akajaribu, akatoa, akajaribu, mpaka jioni moja Kobe akapanda kichuguu mpaka kileleni, akageuka pale juu na kushuka upande wa pili. Advera alifuta udongo shavuni akasema, "Sasa." Neno moja tu. Mimi ningekuwa yeye ningepiga kengele ya kanisa.

Sasa wageni. Advera ana mchumba, Projestusi, kijana wa Bugomora kule Kyerwa, mpole, ana pikipiki ambayo ilikuwa ikiletwa gerejini kila wakati bila kuwa na ugonjwa wowote. Wanapendana, hilo nalijua kwa sababu Advera akiongea naye kwenye simu anasahau kuzima jiko. Lakini Projestusi amelelewa na bibi yake, Bibi Kokugonza, na kwenye ukoo ule bibi huyo asipoitikia kwa kichwa hakuna posa inayosogea. Na Bibi alikuwa amesikia maneno. Aliletewa habari kwamba huyo binti wa Igurwa analala chini ya magari miguu ikiwa nje, akasema hatatuma mtu, atakuja mwenyewe aone. Projestusi alimwambia Advera wazi: "Mimi nilishakubali zamani, ila Bibi ndiye mlango." Kwa hiyo siku ile ilikuwa hivyo, Bibi akiridhika Advera anaolewa na mtu anayempenda, asiporidhika basi.

Mama alijiandaa kama anayesubiri askofu. Koleo, spana na bisibisi zote zikapelekwa stoo, Kobe akafunikwa gunia la maharage, Advera akasuguliwa kucha kwa limao mpaka akalalamika.

"Mama, hata nikificha, si ataniona baadaye?"

"Baadaye ni baadaye," Mama alisema. "Hao wanakuja kuchukua mke, hawaji kuchukua fundi. Kaa chumbani na shangazi zako mpaka uitwe."

Kisha akanigeukia mimi. Kazi yangu ilikuwa kahawa. (Rehema na nyinyi wengine wa mbali, sikilizeni: kwetu mgeni wa heshima hapewi kwanza kahawa ya kikombe, anapewa akamwani, yaani kahawa iliyochemshwa na maganda yake pamoja na majani yanayonukia, ikakaushwa, na mtu anatafuna punjepunje huku akiongea. Inatolewa kwenye kikapu kidogo kilichosukwa vizuri, na anayetoa ni binti wa nyumba, kwa mikono miwili, akipiga magoti mbele ya kila mgeni na kumsalimu mmoja mmoja.) Mmoja mmoja! Nilichungulia sebuleni nikaona wamejaa mpaka dirishani, wazee kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, vijana na simu zao, na kila mmoja wao najua angeniuliza unasoma wapi, darasa gani, utakuwa nani ukimaliza.

"Ni magoti tu, Edina," Mama alisema akinisukuma kidogo. "Si mtihani."

Nikaenda stoo kuchota kahawa. Na pale stoo, chini ya gunia, lilikuwa limechomoza tairi moja la Kobe.

Sitawadanganya kwamba niliwaza sana. Niliwaza hivi: kikapu kikikaa mgongoni kwa Kobe, Kobe ataingia sebuleni, wageni watachukua kahawa wenyewe, mimi nitabaki nyuma ya pazia la korido na rimoti yangu, hakuna atakayeniona. Na kulikuwa na wazo la pili chini ya hilo la kwanza, hili nalisema kwa sababu ni kweli: iliniuma kwamba kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa nyumbani kwetu kimefunikwa gunia kama mwizi. Nilitaka waone. Kwa hiyo nusu ilikuwa woga na nusu ilikuwa kujivunia dada yangu, na vitu hivyo viwili vikichanganyika kichwani mwa mtu wa kidato cha tatu havileti akili.

Tatizo ni kwamba kati ya korido na sebule yetu kuna kizingiti kirefu, kwa sababu sebule iliongezwa baadaye na sakafu yake iko juu. Nikajaribu kwanza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nikafunga kikapu mgongoni kwa kamba ya mgomba, Kobe akainua mdomo, akapinduka, kahawa ikamwagika, nikaiokota yote nikaipuliza vumbi (msiwaambie). Hapo ndipo nikajifanya fundi. Si nilikuwa nimeshika rula muda wote ule? Nikachukua koleo, nikazirefusha spoki za nyuma mpaka mwisho wa nyuzi zake, ekseli zikaachana kama watu waliogombana. Halafu nikaona kikapu kinayumba, nikakata vipande vya mpira wa bomba nikavichomeka kwenye springi zikawa ngumu. Nikajaribu tena. Kobe alipanda ile ngazi, jamani, alipanda kama katekista anayekwenda mimbarini, kikapu hakikutikisika, hata punje moja haikuruka. Nilifurahi mpaka nikajipongeza kwa sauti. Kama anageuka au hageuki, sikujaribu. Sikukumbuka kabisa kwamba duniani kuna kugeuka.

Kitu cha mwisho kilikuwa mpira wa kufungia pesa. Advera huwa anaufunga kwenye kifyatulio cha rimoti ili Kobe atembee mwenyewe kwa mwendo uleule wakati yeye amelala chini anatazama matairi. Mikono yangu siiamini mbele za watu, nikaona heri niufunge na mimi.

Nikasimama nyuma ya pazia, nikaacha upenyo wa jicho moja, nikamwachia.

Kobe akafika kwenye kizingiti. Sebule nzima ilikuwa inaongea, ikanyamaza kuanzia mlangoni kwenda ndani, kama mtu anazima taa moja moja. Tairi moja la mbele likashika juu, la pili likafuata, ya nyuma yakasukuma, na Kobe na kikapu chake wakatokea sebuleni. Aliyekuwa karibu na mlango alikuwa mshenga wao, Mzee Katabaro, mtu mwenye fimbo na koti la suti. Akainama akatazama, akainua kifuniko, akachukua punje zake.

"Nimezunguka nyumba nyingi," alisema, "lakini kahawa inayojileta yenyewe ndiyo naiona leo."

Watu wakacheka, kile kicheko kizuri, na vijana wakatoa simu. Nyuma ya pazia nilijiona mkubwa kama waziri. Baba alikuwa hacheki wala hanuni, anatazama tu korido kwa macho ya mtu anayehesabu watoto wake.

Ilibidi sasa Kobe akate kulia kuelekea kwa wazee. Nikakata kulia. Kobe akakata kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo peke yake, akaendelea mbele. Nikakata mpaka mwisho. Akaendelea mbele. Na mbele, kwenye mkeka ukutani, alikuwa amekaa Bibi Kokugonza, miguu ameinyoosha mbele yake kama wanavyokaa mabibi, kitenge kipya kimefunika mpaka kwenye vifundo.

Nikataka kusimamisha. Mpira wa kifyatulio ukagoma, vidole vimelowa jasho, nikauvuta kwa meno, rimoti ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni, mfuniko ukafunguka na betri zake zikabingirika chini ya kabati la vyombo. Mtasema basi, rimoti imezimika, gari litasimama. Kobe si gari la namna hiyo. Kobe akipoteza rimoti anashika amri ya mwisho aliyopewa, na amri ya mwisho ilikuwa mbele.

Ubaya wa gari linalokwenda polepole ni kwamba kila mtu anapata muda wa kutosha kuona. Kobe akafika kwenye mguu wa Bibi, hakuzunguka, akaupanda. Tairi la kwanza likapanda mfupa wa muundi, la pili likashika kitenge, ekseli ikaanza kukizungusha, na kitenge kikaanza kwenda ndani, kidogo, kidogo, huku miguu ya Bibi ikionekana kidogo, kidogo. Hakuna aliyejua afanye nini. Mtu atamkimbilia vipi bibi wa watu kumshika kitenge? Bibi mwenyewe hakupiga kelele. Alikishika kiunoni kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jamani, kitu hiki kinanivua."

Hapo nikaamua kutoka. Nawaapia nilikusudia kutoka kama mtu shujaa, ila nilisahau kizingiti, nikajikwaa, nikashika pazia, pazia likang'oka na fimbo yake, nami nikatua katikati ya sebule kifudifudi nimefunikwa maua makubwa ya kitambaa. Nikiwa chini humo ndani gizani, kitu pekee kilichonijia mdomoni ni adabu.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba," Bibi alijibu. "Na wewe umekuja kunivua?"

Nikasikia Baba akiuliza huyo ni nani, na baba mdogo akimjibu kwa huzuni, "Ni Edina."

Kisha nikasikia miguu peku. Nilipotoa jicho nje ya pazia nilimwona Advera. Hakuwa ameitwa. Binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe, hiyo kila mtu pale aliijua, na yeye alikuwa ametoka na hereni moja, shangazi zetu wamebaki mlangoni mwa chumba wameshika nyingine. Hakumtazama Projestusi, hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka, akapiga magoti, akasema "Shikamoo Bibi, naomba usisogee," halafu, na gauni lake zuri lile, akalala kifudifudi, akaweka shavu sakafuni atazame chini ya gari. Na miguu yake ikabaki nje. Hivyohivyo kama Bibi alivyosikia.

Kwenye mlango wa korido alikuwa amesimama Mama na sinia la vikombe. Uso wake siutaki hata kuukumbuka.

Advera aliingiza kidole tumboni mwa Kobe, akazima swichi.

"Usikate," Bibi alisema. "Kitenge hiki nimekivaa leo kwa mara ya kwanza."

"Sikati, Bibi. Nakirudisha kilikotoka."

Akaanza kuzungusha tairi kwa mkono, kinyumenyume, akikilegeza kitenge mkunjo kwa mkunjo, na mkono wa pili amekinga mguu wa Bibi ili tairi lisimkwaruze. Ilichukua muda. Nilikuwa nimeshamwona akifanya kazi mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona akifanya mbele za watu, na niligundua kwamba anavyokuwa nyuma ya jiko ndivyo alivyokuwa pale, hakubadilika hata kidogo, kama vile wale watu wote ni migomba.

"Hiki kitu," Bibi alisema akiwa anatazama kisogo cha Advera, "mguu wangu ni mfupa mtupu, kama mgongo wa mbuzi. Kwa nini hakikuanguka?"

"Uzito wake uko chini, Bibi, nimemwekea risasi kwenye tairi za mbele. Na kila tairi linashuka peke yake. Ila leo springi zimekazwa. Zingekuwa huru hata usingeumia." Akapapasa spoki kwa kidole. "Samahani Bibi. Nani amemrefusha?"

Nikanyoosha mkono kutoka ndani ya pazia, kama darasani.

"Ndiyo maana ameshindwa kugeuka," Advera alisema, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mrudishe alivyokuwa," Bibi alisema. "Nataka kuona."

Koleo lilikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Baba mdogo akalala sakafuni akatoa betri chini ya kabati. Advera akakaa mkekani hapo hapo karibu na miguu ya Bibi, akakitua kikapu cha kahawa kando, akachomoa vipande vyangu vya mpira, akazungusha nati za spoki moja baada ya nyingine, akiibonyeza bodi kwa kiganja na kuiachia, akisikiliza, na wazee walikuwa wameshasogeza viti. Mzee Katabaro akalaza fimbo yake sakafuni. Mwingine akavua kiatu akakiweka mbele ya fimbo. Advera akashika rimoti, Kobe akapanda fimbo, akapanda kiatu, tairi moja ndani ya kiatu na jingine kisiginoni, na bodi juu yake ikatulia sawa kama kichwa cha mwanamke aliyebeba mtungi. Akazunguka mguu wa stuli bila kuugusa. Akarudi mpaka kwenye mkeka, akasimama.

Bibi akanyoosha mguu wa pili.

"Na huu nao. Usiuonee."

Kobe akaupanda, akashuka upande wa pili. Bibi alifumba macho kidogo. "Kweli," alisema. "Sasa ni kama kifaranga kimepita." Projestusi alikuwa ameinamisha uso, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Nilidhani tumepona. Ndipo Mzee Katabaro akasimama, akaokota fimbo yake, akasafisha koo, na vicheko vyote vikaisha.

"Wenyeji wetu. Tumetoka Bugomora kwa heshima. Tumeingia humu, mzee wetu amevuliwa nguo mbele ya wajukuu. Jambo hilo lina faini."

Baba akainamisha kichwa akakubali kwamba lina faini. Mimi nilishaona mbuzi wetu akifungwa kamba. Nilishaona Advera anarudishwa chumbani na posa imekwisha, na sababu ni mimi niliyeogopa kupiga magoti. Mzee Katabaro akanong'onezana na Bibi, akarudi kusimama.

"Faini yetu ni moja. Hakuna aliyetupa kahawa. Gari limetupa, mtu hajatupa. Huyo aliye ndani ya pazia atoke, na kikapu mikononi."

Nikatoka. Nywele zimejaa vumbi, goti limechubuka, na nikaanza na yeye mwenyewe Mzee Katabaro, nikapiga magoti, shikamoo, marahaba, nikaenda kwa wa pili, wa tatu, sebule nzima, na kila mmoja aliniuliza kitu, lakini hakuna aliyeniuliza nasoma wapi. Waliniuliza, "Ni wewe uliyemrefusha?" Nikajibu ndiyo, mzee. "Kwa nini?" Nikajibu ili apande kizingiti. "Sasa kwa nini hakugeuka?" Na mimi Edina ambaye ubaoni nakuwa bubu, nilijikuta namweleza mzee wa watu habari za ekseli zikiachana na zikikaribiana, kwa sauti inayosikika, mpaka mwenzake wa kiti cha pili akainama asikie vizuri.

Wa mwisho alikuwa Bibi. Alichukua muda kuchagua, akaokota kahawa moja tu, akaipasua kwa kucha. Ndani ya ganda moja mnakaa punje mbili, mnajua. Ya kwanza akaitia mdomoni akatafuna. Ya pili akamnyooshea Advera, aliyekuwa bado amekaa pale mkekani na koleo mapajani.

Mama aliliweka sinia chini. Kwetu punje mbili za ganda moja hazigawiwi mtu usiyemtaka.

"Niliambiwa analala chini ya magari," Bibi alisema, akiwatazama watu wake badala ya watu wetu. "Hawakuniambia huko chini anatazama nini." Akamgeukia Advera. "Tafuna, mama. Mpora mpora, polepole tu, ina uchungu mwanzoni."

Advera akapokea kwa mikono miwili, zile kucha za limao zimeshajaa grisi tena, akatafuna. Mzee Katabaro akaketi akasema basi, sasa tuongee mengine, na wanaume wakaanza kuongea mengine.

Harusi itakuwa baada ya kuvuna kahawa. Ile video waliyopiga vijana ilifika Kyerwa kabla ya wageni wenyewe kufika, na Bugomora hakuna anayeniita Edina, naitwa Pazia, hata Bibi akipiga simu kumsalimu Mama anauliza Pazia hajambo. Mama ameshona pazia jingine la kitambaa kizito, fimbo yake amempa Baba aipigilie misumari, na kila akipita pale ananitazama bila kusema kitu. Naye ana haki. Mimi nimeshaapa, na nyinyi ni mashahidi: kazi ya magoti nitaifanya kwa magoti, hata watu wakijaa mpaka uani, na kama ni kutetemeka nitatetemeka hapo hapo mbele yao wanione.